Laravel mpya, MySQL ya kale: mizani ya alizeti imegoma kuhifadhi mizigo

alizeti_kodi – mtoa mada

Wakuu mbukwenyi. Nipo Dodoma hapa, naandika kwa kirefu naombeni mnivumilie, maana nikifupisha mtaniuliza yaleyale.

Kuna chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti upande wa Kongwa, jina naliacha, mfumo wao wa kupokea mizigo niliwatengenezea mwenyewe kwa Laravel, ile fremuweki ya PHP, miaka ya nyuma. Mkulima analeta magunia, yanapanda mizani, karani anajaza jina, kijiji, kikundi, kilo, anabonyeza Hifadhi, risiti inatoka. Basi. Umepiga kazi misimu yote bila kelele. Seva ni mashine moja tu ipo chini ya meza ofisini kwao, Linux ya CentOS 7, databesi MySQL 5.6.

Sasa Laravel 8 haipati viraka tena, PHP 7.4 nayo waliacha kuihudumia tangu Novemba 2022, nikaona kulala usingizi huku mfumo wa hela za watu upo hivyo si sawa. Nikakaa wiki tatu usiku usiku nikaupandisha mpaka Laravel 11 na PHP 8.2. Kwenye laptopu nina XAMPP, kile kifurushi cha PHP na databesi, majaribio yote yakapita, kijani tupu. Jumamosi nikapanda gari nikaenda nikaweka, orodha ya wakulima inafunguka, ripoti zinatoka, nikaongeza mtumiaji mpya akakubali, nikarudi zangu mjini.

Jumatatu saa mbili kasoro asubuhi simu ya karani, kaka mzigo haukubali kuhifadhi. Nikachungulia logi nikakuta hii:

`SQLSTATE[42S22]: Column not found: 1054 Unknown column 'generation_expression' in 'field list'`

Hiyo kolamu sijawahi kuiandika mahali popote, nimetafuta kwenye kodi yangu yote haipo. Na pale nje watu wametoka vijijini tangu alfajiri na mikokoteni ya punda, kuna mama ana magunia saba alikuwa ameshapima la tatu. Karani akachukua kaunta buku akaanza kuandika kwa mkono, jina, kilo, sahihi ya mkulima, mstari kwa mstari.

Kinachonichanganya ni kwamba kuongeza mtumiaji inakubali, kuhifadhi mzigo inakataa, na databesi ni ileile moja. Nani kashakutana na hii?

---

Kisasa_bloku_B

Mkuu MySQL 5.6 waliacha kuihudumia Februari 2021. Pandisha databesi tu, huna haja ya uzi mrefu.

---

alizeti_kodi

Mkuu ningeweza ningeshafanya. Kwenye databesi hiyohiyo kuna programu ya uhasibu ya zamani, ile ya kufunguka kwenye Windows, inasoma jumla za malipo humo humo. Aliyeiandika hapatikani na kodi yake hakuna mwenye nayo. Nikiigusa MySQL mhasibu anasimama, na mhasibu akisimama wakulima hawalipwi.

---

dada_wa_seva

Pole sana kaka. Fungua modeli ya Mtumiaji na modeli ya Mzigo (yale mafaili ya kodi yanayosimamia tebo zao) ziweke sambamba uzitazame. Nadhani ile ya Mtumiaji ina `$fillable`, orodha ya kolamu zinazoruhusiwa kujazwa, na ile ya Mzigo umeandika `$guarded = ['id']`, orodha ya zisizoruhusiwa. Nikipatia rudi uniambie.

Sababu ni hii. Ukiandika `$guarded` yenye kitu ndani, Laravel kabla ya kujaza modeli inataka ihakikishe kila jina ulilompa ni kolamu ya kweli kwenye tebo, kwa hiyo inaenda kuiuliza databesi orodha ya kolamu. Zamani swali lenyewe lilikuwa jepesi, nipe majina ya kolamu, imeisha. Kuanzia Laravel 11 swali limenenepa, inaomba jina, aina, koleshoni (kanuni ya kulinganisha na kupanga herufi), maoni, na hiyo `generation_expression` humohumo. Hiyo ni kolamu ya `information_schema`, pale MySQL inapoweka maelezo ya tebo zote, si ya tebo yako, ndiyo maana huioni kwenye kodi yako. Ilikuja na MySQL 5.7 kwa sababu 5.7 ndiyo iliyoleta kolamu zinazojikokotoa zenyewe. 5.6 haijui kitu kama hicho, inakwambia ukweli wake, kolamu hii sina.

Ukiwa na `$fillable` Laravel haina haja ya kuuliza, orodha umeshampa mwenyewe. Na ukiandika `$guarded = []` tupu kabisa napo haiulizi. Ndiyo maana mtumiaji anapita na mzigo unagoma. Na ndiyo maana orodha na ripoti zilifunguka Jumamosi ukaridhika, maana kusoma hakupiti njia hiyo.

Kwenye laptopu ilipita kwa sababu XAMPP haina MySQL, ina MariaDB, databesi ndugu yake, hizi za karibuni ni 10.4, na 10.4 hiyo kolamu inayo. Ulikuwa unampima mtu mwingine kabisa.

---

alizeti_kodi

Dada ni kama ulikuwa umesimama nyuma yangu. Mtumiaji `$fillable`, Mzigo `$guarded = ['id']`, Mkulima hivyohivyo, Malipo hivyohivyo. Nabadilisha zote ziwe `$fillable` sasa hivi?

---

dada_wa_seva

Badilisha kama watu wamesimama mlangoni na huna njia nyingine, ila usiseme umepona. Laravel 11 yenyewe inataka MySQL 5.7 kwenda juu au MariaDB 10.3 kwenda juu, imeandikwa kwenye maelezo yao. Chini ya hapo wao hawajaribu, kwa hiyo ukiziba tundu hili hujui la pili litatokea lini, pengine siku ya malipo. Kwangu mimi ungerudisha Laravel 8 leo leo, wakulima wapimiwe, halafu ukae chini.

Na jambo ambalo ningependa kila mtu anayesoma hapa alifanye kabla hajaandika `composer update`, ile amri ya kupandisha matoleo, ni kuingia kwenye seva yenyewe, siyo laptopu, akaandika

`SELECT VERSION();`

halafu akafungua ukurasa wa mahitaji ya hiyo fremuweki anayoiendea akalinganisha. Dakika mbili. Nimeona watu wengi wazuri wanaangalia PHP tu, au Python tu, databesi hawaiulizi kwa sababu imekaa kimya miaka yote.

---

root_wa_Nkuhungu

Mbona rahisi, ingia kwenye folda ya vendor inapokaa kodi ya Laravel yenyewe, tafuta lile faili la gramari ya MySQL, futa hilo neno generation_expression, weka '' badala yake. Nimefanya kwa mteja inadunda.

---

dada_wa_seva

Inadunda mpaka mtu aandike `composer update` siku nyingine. Toleo jipya la Laravel likishuka folda yake ndani ya vendor inaandikwa upya, kiraka chako kimeondoka, na aliyeandika hiyo amri si wewe, ni kijana mwingine aliyepewa kazi baada yako na hajui kwamba pale kulikuwa na kiraka. Tafadhali tusifundishane hivi kwenye mifumo ya hela za watu.

---

root_wa_Nkuhungu

Nimekuelewa, ya kwangu naenda kuiondoa. Asante.

---

chuo_Ngongona

Sisi wa Django, fremuweki ya Python, huku tunakutana nayo kwa sura nyingine. Mwanafunzi anashusha Django 5.1 anaiunganisha na XAMPP, hajafika hata kwenye maigresheni (kodi za kuunda na kubadilisha tebo) anapewa

`MariaDB 10.5 or later is required (found 10.4.32).`

Django inapima toleo la databesi mlangoni, ikikuta la zamani inakataa kuingia kabisa. Mimi naipenda hiyo, kuliko kuachiwa uingie halafu uangukie ndani. Kuanzia Django 5.1 MariaDB 10.4 haikubaliki. Kwa MySQL, Django 4.2 ndiyo iliyoiacha 5.7 ikataka 8.

Kuna mtindo unazunguka kwenye magrupu ya darasa, unaambiwa ingia ubadilishe hicho kipimo kidanganye kwamba 10.4 inatosha. Wakuu nimekaa na jamaa mmoja mpaka saa saba usiku kwa ajili ya huo mtindo, mradi wake wa mwisho, kesho yake anawasilisha. Mlango ukafunguka kweli, akaandika `migrate`, ikamrushia kosa la sintaksi karibu na neno `RETURNING`. Ni kwamba MariaDB kuanzia 10.5 ukiingiza mstari unaweza kuomba papo hapo urudishiwe namba yake kwa `INSERT ... RETURNING`. Django zilizotangulia zilikuwa zinaangalia kwanza kama ni 10.5 ndipo zitumie. 5.1 iliposema chini ya 10.5 sihudumii, wakaondoa na kuangalia kwenyewe, inatumia tu. Kwa hiyo kile kipimo cha mlangoni hakikuwa urasimu, nyuma yake kuna kodi iliyoandikwa kwa kukiamini.

Tukarudi Django 4.2, ikapokea 10.4 bila neno, akawasilisha.

---

mzee_wa_Manyoni

Vijana hili si la leo. Januari 2017 Laravel 5.4 ilipotoka tulilia wote. Unaanzisha mradi mpya, maigresheni ya kwanza kabisa, tebo ya users, inagoma: `Specified key was too long; max key length is 767 bytes`. Hesabu yake ni hii. Walihamia `utf8mb4`, mfumo wa kuhifadhi herufi ambao herufi moja inatengewa baiti nne. Kolamu ya herufi 255 mara nne ni baiti 1020. Indeksi ya MySQL kabla ya 5.7.7 mwisho wake baiti 767. Haiingii. Ndipo kila mtu akawa anabandika `Schema::defaultStringLength(191)`, kwa sababu 191 mara nne ni 764, inapenya kwa baiti tatu.

Nikiwauliza vijana ninaofanya nao kazi kwa nini 191 na si 200 wengi hawajui, wanabandika tu. Na wanaibandika mpaka leo kwenye seva mpya kabisa ambazo hazina shida hiyo.

---

Kisasa_bloku_B

Mzee hiyo 191 nimeibandika miaka na sikuwahi kujua ilitoka wapi. Shukrani.

---

alizeti_kodi

Mrejesho wa kwanza. Nimerudisha Laravel 8 saa nne na nusu asubuhi ileile. Namshukuru Mungu PHP 7.4 sikuifuta, zilikuwa zimekaa mbili pamoja kwenye seva, nikageuza tu. Karani alikuwa ameshaandika kurasa nne za kaunta buku, jioni tukakaa kwenye simu yeye anasoma mimi naingiza, mstari kwa mstari, mpaka magunia saba ya yule mama.

Sasa nataka kufanya kwa mpangilio. Hii programu ya uhasibu ndiyo mfupa. Mnashaurije?

---

fundi_Area_D

Mkuu nilipitia hii kwa mteja mwingine. Mimi naona usiziburuze zote mbili kwa kamba moja. Programu ya uhasibu iache na 5.6 yake kwenye mashine ya zamani, iondoe kwenye intaneti ibaki ndani ya ofisi tu. Mfumo wa mizani upe mashine yake na MySQL yake mpya. Halafu uhasibu unahitaji nini hasa kutoka kwako? Jumla za siku. Andika skripti ya usiku inayopeleka hizo jumla kwenye ile tebo anayoisoma. Siku mhasibu akipata programu mpya unazima ile ya zamani bila kugusa mizani.

Ukijaribu kuipeleka programu ya zamani moja kwa moja MySQL 8 itakufia kwenye kuingia. MySQL 8 watumiaji wapya wanasajiliwa kwa `caching_sha2_password`, draiva za zamani hazijui hiyo lugha. Kwenye 8.0 unaweza kumrudisha mtumiaji kwenye `mysql_native_password`, ila kwenye 8.4 imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe, na 9.0 wameiondoa kabisa. Unaona njia inavyozidi kuwa nyembamba.

Kuhama kwenyewe usiruke daraja, 5.6 nenda 5.7, 5.7 nenda 8.0. Ukifika 5.7 chukua MySQL Shell uandike `util.checkForServerUpgrade()`, inakupitishia databesi nzima inakutajia vitakavyogoma mbele. Halafu swali, umesema karani anajaza kikundi. Hiyo tebo ya vikundi umeiitaje?

---

alizeti_kodi

Niliiita `groups`.

---

fundi_Area_D

Basi jiandae. `GROUPS` ni neno lililohifadhiwa kuanzia MySQL 8, pamoja na `RANK` na `SYSTEM`. Mawili ya kwanza yalikuja na zile kweri za madirisha (window functions). Ukitumia Eloquent, yaani zile modeli za Laravel, hutaona kitu kwa sababu Laravel inafunga majina kwa zile alama za mgongo (backtick). Lakini kila mahali ulipoandika SQL kwa mkono, `select * from groups`, itakufa. Na watu wa shule nao wajiangalie, wengi nafasi ya mwanafunzi wameiita `rank`.

Kingine hiki hakipigi kelele hata kidogo ndiyo maana nakiandika peke yake. Mpaka 5.7 ukiandika `GROUP BY kijiji` majibu yalikuwa yanatoka yamepangwa kwa kijiji hata kama hukuandika `ORDER BY`. MySQL 8 imeacha. Hakuna kosa, hakuna logi, ripoti inatoka, jumla ni sahihi, ila vijiji vimechanganyika. Kama mhasibu analipa kwa kufuata karatasi kijiji kwa kijiji, huyo atakupigia simu. Pitia kila `GROUP BY` uongeze `ORDER BY` yake, na hiyo unaweza kuifanya leo ukiwa bado 5.6, haidhuru chochote.

---

Upepo_wa_Dom

Naongezea kwenye bakapu. Ukitoa damp (faili la nakala ya databesi) kwenye MySQL 8 ukaipeleka kwenye XAMPP yako kujaribu, itasema `Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'`. Hiyo ni koleshoni ya MySQL 8, MariaDB ya 10.4 haina. Fungua faili ubadilishe iwe `utf8mb4_unicode_ci`, au afadhali zaidi iandike hivyo kwenye config ya Laravel tangu mwanzo.

Na damp za MariaDB kuanzia Mei 2024 zinaanza na mstari wa juu kabisa kuhusu sandbox, ukiupeleka kwenye MySQL au MariaDB ya zamani inagoma mstari wa kwanza, `Unknown command '\-'`. Watu wanadhani bakapu imeharibika wanapaniki. Haijaharibika, ondoa mstari wa kwanza tu.

---

chuo_Ngongona

Mtoa mada na laptopu je? Ukiendelea na XAMPP utarudi palepale.

---

alizeti_kodi

Kweli, XAMPP nimeiweka kando kwa huu mradi. Nimeshusha Docker, ya kuendesha kila programu ndani ya boksi lake, na picha ya `mysql:5.7` na ya `mysql:8.0`, bando lilikatika katikati nikaamka saa nane usiku kumalizia. Majaribio sasa yanapita mara mbili, na nimeweka jaribio moja dogo mwanzoni kabisa linalouliza `SELECT VERSION()`, likikuta si ile ya seva linasimamisha yote.

---

alizeti_kodi

Mrejesho wa pili, wiki tatu baadaye.

Tumefuata ya fundi. Mashine mpya imekaa mezani siyo chini ya meza, MySQL 8.0, Laravel 11 na PHP 8.2. Ya zamani imebaki na uhasibu tu, haina intaneti. Skripti ya usiku inapeleka jumla saa sita na dakika kumi. 8.4 nitaiendea msimu ukiisha, maana 8.0 nayo mwisho wake wa kuhudumiwa ni Aprili 2026, sitaki kukutwa tena.

`groups` ilikuwa kwenye SQL za mkono sehemu kumi na moja. Nimebadilisha jina la tebo kabisa ikawa `vikundi`, nilipaswa kuiita hivyo tangu mwanzo. `GROUP BY` zisizo na `ORDER BY` zilikuwa sita, mojawapo ni karatasi ya malipo kwa kijiji, ileile aliyoitaja fundi. Nilipoiona nilikaa kimya muda mrefu.

Kilichonikamata sikukitegemea. Damp iliingia 8.0 vizuri kabisa bila neno, nikafurahi, nikaandika maigresheni ya kubadilisha aina ya kolamu moja kwenye tebo ya wakulima, ikagoma: `Incorrect date value: '0000-00-00' for column 'tarehe_kujiunga'`. Kumbe wakati wa mwanzo kabisa orodha ya wakulima iliingizwa kutoka Excel kwa phpMyAdmin, asiyekuwa na tarehe MySQL ya zamani ikamwekea masifuri yote ikaendelea.

---

dada_wa_seva

Damp yenyewe inajilegezea masharti inapoingia, juu kabisa inabadilisha `sql_mode`, ndiyo maana ilipita. Laravel inawasha masharti makali kwenye kila muunganisho, kwa hiyo ukigusa tebo ndipo inakagua. Ulifanyaje? Kuna wanaozima strict, yaani hayo masharti makali, ili iendelee.

---

alizeti_kodi

Sikuzima. Nimeiruhusu kolamu iwe tupu, masifuri yote nimeyageuza kuwa NULL, yapo 43. Ila kwenye ushirika mkulima wa muda mrefu ana haki zake kwenye mgawo, kwa hiyo tarehe ile ina maana, siwezi kuiacha tupu tu. Nikamchapia karani yale majina 43. Kabati lao lina kadi za zamani za karatasi, zile za rangi ya udongo, ameanza kuzipitia moja moja kila baada ya saa za mizani, akipata tarehe ananitumia picha ya kadi naingiza. Mpaka jana ameshapata 31. Kadi ya yule mama wa magunia saba ameipata, alijiunga 1994.